Mguu wa Fundi na Damu Iendayo Polepole

Hospitali nzima ilimwita Mama Jeli, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Wagonjwa walilalamika kwamba anapaka mno ile jeli ya kupimia. Mtu aliingia chumbani kwake kupimwa mshipa mmoja wa shingo, akatoka kola imelowa na kifua kinateleza kama mtoto aliyejimwagia uji. Ukimlalamikia, atakuambia kwamba sauti haipendi hewa, na kwamba afadhali ufue shati kuliko upimwe kwa kubahatisha. Kisha atakupa karatasi ya kujifutia, moja tu, maana ukarimu wake wote uliishia kwenye jeli.

Kazi yake ilikuwa kupima jinsi damu inavyokwenda mwilini. Hakuitoa wala hakuiongeza. Aliitazama tu ikipita. Alikuwa na mashine ya ultrasaundi na kipimio cha kushika mkononi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea. Kipimio hicho hupeleka mwilini sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii. Sauti hugonga chembe za damu, hurudi imebadilika kidogo, na kwa kuangalia ilivyobadilika mashine hujua damu inakimbia kiasi gani na inaelekea wapi. Inayokuja huipaka rangi nyekundu, inayokwenda huipaka buluu, na kama hujazima spika, utaisikia.

Wapimaji wengi huzima spika. Yeye aliifungua mpaka watu wa korido wakasikia. Mshipa mzima wa paja ulipiga kwa nguvu, fya! fya!, kama mtu anayekung'uta shuka. Uliobanwa ulipiga mluzi. Aliwahi kumpima mzee mmoja aliyesikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, baba."

"Mbona nina fujo hivyo, na nyumbani wanasema mimi mpole?"

Mama Jeli alicheka mpaka mkono ukahama, ikabidi aanze upya.

Udadisi ndio uliomfikisha pale. Alianza hospitalini kwa kusukuma viti vya wagonjwa, na kila alipomfikisha mgonjwa kwenye chumba cha picha, badala ya kwenda zake alisimama nyuma ya mpimaji mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, akamwaga maswali. Hiki nini? Kile mbona cheusi? Kwa nini unakilaza kipimio, hukisimamishi? Swali la mwisho mzee alilijibu kwa kumpa kipimio akishike mwenyewe. Alipokisimamisha wima juu ya mshipa, damu ilionekana imesimama. Alipokilaza, ikaanza kukimbia. Damu ni ileile na mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni mkono wa anayepima. Jambo hilo lilimkaa kichwani asilale vizuri wiki nzima. Akaomba apelekwe kusoma, akakataliwa, akaomba tena, na mara ya nne wakamkubalia. "Walinipeleka ili wapumzike," mwenyewe husema.

Yule mzee, alipostaafu, alimwachia kanuni moja. "Usiandike 'hakuna'. Andika 'sijaona'. Kama hakuna, anajua Mungu." Kwa miaka kumi na tisa Mama Jeli aliishika kanuni hiyo kama watu wanavyoshika sala. Mguu mmoja ulimchukua dakika arobaini. Foleni mlangoni ilinung'unika, naye wala.

Sasa, mtu anaweza kuwa na subira ya ajabu kazini na asiwe nayo hata chembe nyumbani. Mumewe alikuwa fundi wa kushona nguo, na watu wote, hata yeye mkewe, walimwita Fundi. Waliishi pamoja miaka ishirini, wakapata binti mmoja, wakaachana. Hapakuwa na kipigo wala mwanamke wa nje. Walikosana juu ya jambo dogo ambalo sasa kila mmoja analisimulia kivyake, na katika wawili hao hakutokea wa kulitoa kinywani neno moja tu, nimekosea. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Fundi akaihamishia cherehani yake upande wa pili wa mji, na kwa miaka tisa wakawa wanapelekeana habari kupitia kwa binti yao, kama nchi mbili zenye balozi mmoja, tena balozi mwenyewe halipwi.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, Mama Jeli alimaliza kumpima mama mmoja mishipa ya shingo. Akafuta kipimio, akaita, "Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Fundi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mguu wa kulia umefungwa bendeji, na aliyekisukuma kiti ni binti yao.

Faili lilieleza yote. Kisukari kwa miaka sita. Kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, kilichoanzia kwenye kiatu kipya, na kwa miezi miwili mgonjwa alikuwa akikificha ndani ya soksi hata binti yake asijue. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kilichomuumbua Fundi ni harufu. Figo zake zilikuwa dhaifu, kwa hiyo daktari hakutaka kumjaza ile dawa ya kupigia picha mishipa bila sababu nzito. Alitaka kwanza jibu la Mama Jeli, na swali lilikuwa moja. Je, kuna damu yoyote inayofika unyayoni? Kama ipo, maana yake kuna mshipa ulio hai huko chini, na mahali palipoziba huenda pakazibuliwa. Kama haipo, mguu utakatwa chini ya goti Alhamisi saa tatu asubuhi, kabla uozo haujapanda.

Na Fundi alikuwa mtu wa cherehani ya kukanyaga. Kwa miaka arobaini miguu yake miwili ilimlisha kwa kupanda na kushuka.

"Habari za siku nyingi," Fundi alisema.

"Nzuri. Panda kitandani."

"Umenawiri."

"Nyoosha mguu."

Binti aliwatazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni yakikaribia kufurika, akasema atangoja nje.

Ingefaa mtu mwingine ampime. Lakini mpimaji mwingine alikuwa likizo, na pale kwenye fomu palipouliza kama mgonjwa ana uhusiano na mpimaji, Mama Jeli alichora kistari. Si mume wangu tena, alijiambia. Akapaka jeli. Fundi alikuwa bado ananukia chaki na pasi ya moto, na alikuwa akimtazama, si mashine, yeye. Mtu hajui jinsi macho yanavyoweza kuwa mazito mpaka atazamwe na aliyemjua akiwa na miaka ishirini na mbili. Mama Jeli alitaka kitu kimoja tu, huyu mtu atoke chumbani.

Paja, damu inapita vizuri. Nyuma ya goti, inapita kwa uchovu. Katikati ya muundi, giza. Kifundo cha mguu, giza. Unyayo, giza, na spika kimya. Alipitisha kipimio mara mbili, akaweka chini. Dakika kumi na moja. Akaandika: "Hakuna mtiririko wa damu kuanzia katikati ya muundi hadi unyayoni." Aliandika hakuna.

"Umeona nini?" Fundi aliuliza.

"Daktari atakuambia."

"Niambie wewe."

"Damu haifiki."

Fundi aliitikia kwa kichwa polepole. "Haya. Maadamu umesema wewe."

Akamfuta jeli. Kwa mazoea tu, huku akili iko kwingine, aliubonyeza ukucha wa kidole cha pili. Ukucha ukageuka mweupe. Kisha, bila haraka, wekundu ukarudi. Macho yake yaliuona, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuita, "Anayefuata!"

Saa saba mchana alikuwa kantini na sahani yake, binti akaja kukaa mbele yake. Macho yalikuwa yamevimba.

"Baba amesaini," alisema. "Ni kesho."

"Amesaini tayari?"

"Daktari alimuuliza kama anataka apimwe na hospitali nyingine kwanza. Akakataa. Akasema, 'Yule akisema hakuna, basi hakuna. Hajawahi kunidanganya, hata siku nilizotaka anidanganye.'" Binti alijifuta pua. "Mama, na cherehani je? Ataikanyagaje?"

Mama Jeli aliweka kijiko chini. Kilichomjia wakati ule, na hili lazima lisemwe kama lilivyokuwa, hakikuwa huruma wala majuto. Kilikuwa swali. Ule ukucha. Kama damu haifiki unyayoni, wekundu umetoka wapi?

Alijaribu kulifukuza. Huenda ni vijishipa vya pembeni, vile vyembamba visivyofaa kitu. Huenda hakuona vizuri. Lakini swali lilimganda kama kupe. Akaiacha sahani, akarudi chumbani, akazifungua picha za asubuhi moja baada ya nyingine, akaanza kuzitazama kama anavyowafundisha wanafunzi, pembeni kwanza, katikati baadaye. Kwenye kona ya juu ya kila picha kuna tarakimu ndogo ambazo hakuna mtu anayezisoma. Akazisoma.

Kipimo cha kasi kilikuwa sitini.

Alikaa chini. Sitini ni kipimo cha shingo. Damu ya shingoni hukimbia, kwa hiyo mashine huambiwa ishughulike na vitu vinavyokimbia tu, na chochote kinachojivuta ikihesabu kuwa ni takataka na kukifuta. Unapohamia mguuni, hasa mguu mgonjwa, unakizungusha kitufe na kukishusha kipimo mpaka kumi, mpaka tano, maana huko chini damu hutembea kama mtu anayetoka hospitali. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Yeye alitoka kwenye shingo ya yule mama akaingia kwenye mguu wa Fundi na kitufe hakukigusa. Ni kama kuweka kijiko cha chumvi kwenye mzani wa magunia, mshale usipotikisika useme kijiko ni kitupu.

Hapo ndipo majuto yalipofika, na yalikuja kwa miguu yote minne.

Tusimpambe. Alifikiria kunyamaza. Huenda mguu umekufa kweli, alijiambia, na nitakuwa nimejivua nguo bure. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na Mama Jeli, kwa miaka kumi na tisa, hakuwahi kuchutama mbele ya yeyote pale. Wapo ambao wangefurahi. Alifikiria hayo kwa muda wa kufunga zile picha. Kisha akainuka, akapanda ngazi mpaka ofisi ya daktari mpasuaji, mwanamke mrefu aliyehamia hospitali ile mwezi mmoja tu uliopita, asiyependa maneno mengi.

"Daktari, yule mgonjwa wa mguu wa kesho. Ripoti yangu usiifuate."

"Umeandika hakuna mtiririko."

"Nimeandika. Lakini sikuwa nimetafuta. Nimempima unyayo kwa kipimo cha shingo."

Daktari aliivua miwani. Kwa watu wa kazi ile, sentensi hiyo haihitaji maelezo. "Wewe?"

"Mimi."

"Mpime tena sasa hivi. Nitashuka baada ya nusu saa." Akaivaa miwani. "Na Ijumaa ya wiki ijayo, kwenye kikao cha asubuhi, utatueleza."

Fundi aliletwa kutoka wodini akiwa na gauni la hospitali, na kwa mtu aliyevaa suruali zenye mkunjo maisha yake yote, lile gauni lilikuwa kubwa kumshinda. Mama Jeli alizima kiyoyozi, akaufunika ule mguu kwa blanketi nzito.

"Tunangoja nini?" Fundi aliuliza.

"Upate joto. Mguu wa baridi hukunja mishipa yake." Akavuta kiti, akakaa. Hakuwa amekaa karibu na mtu huyu tangu siku waliyosaini karatasi za kuachana. Akapiga moyo konde. "Nimekosea."

"Nini?"

"Asubuhi. Nilisema damu haifiki, na sikupima sawasawa. Nimekosea."

Fundi aliinuka kidogo kwa kiwiko. "Rudia."

"Umenisikia."

"Nimekusikia, lakini sikio langu la kulia linataka kulithibitishia la kushoto. Miaka ishirini ndani ya nyumba, tisa nje ya nyumba..." Akaanza kucheka, kitanda kikalia.

"Usitikisike! Ukitikisika sioni kitu."

"Bado hujaweka hata hicho kidude chako."

"Jizoeze."

Kicheko kilipokwisha, Fundi alisema kwa sauti ya chini, "Asubuhi ulikuwa unanikimbia."

"Ndiyo."

"Hata mimi ningekuwa na miguu mizima, ningekimbia."

Robo saa ikapita. Akaliondoa blanketi, akapaka jeli, nyingi mno hata kwa kipimo chake mwenyewe. Akakishika kile kitufe. Sitini. Thelathini. Kumi. Tano. Katika kipimo cha tano mashine huwa na woga, kila kitu kwake ni mwendo; mkono ukitetemeka, kioo chote kinajaa madoadoa mekundu na ya buluu. Fundi alizuia pumzi. Mama Jeli aliweka kiwiko kwenye godoro, akakilaza kipimio juu ya unyayo, mahali ambapo ateri hupita kuelekea kidoleni, akangoja. Giza. Akasogea kidogo sana, kiasi cha unene wa uzi. Giza. Akaongeza sauti ya spika mpaka mwisho.

Kilichotoka kilikuwa kidogo. Shuuu. Kimya. Shuuu. Kama mtu aliyelala chumba cha pili. Na katikati ya kioo, mstari mmoja mwembamba mwekundu, ukififia na kurudi, ukififia na kurudi.

"Huyo ni nani?" Fundi alinong'ona.

"Ni wewe."

"Nimekuwa mpole hivyo?"

 Machozi yalikuwa yanamdondoka Mama Jeli juu ya jeli naye hakuweza kuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa kwenye kipimio na mwingine kwenye kitufe. Alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Alifurahi kwa kile alichokiona, na aliogopa kwa jinsi alivyokaribia kutokiona.

Daktari alipoingia aliwakuta hivyo, akajifanya hakuona. Aliinama kwenye kioo. "Kasi?"

"Sentimita nane kwa sekunde. Nimeufuata mpaka juu. Mshipa umefunguka unyayoni kote na kwenye kifundo. Palipoziba ni kwenye muundi, urefu wa kidole changu cha kati."

"Hapo tu?"

"Hapo ndipo nilipopaona pameziba. Kwingine sijaona."

Daktari aliufuata ule mstari kwa ncha ya kalamu. Kisha akamgeukia Fundi. "Kesho tutaingia, lakini si kukata. Nitapitisha waya mwembamba wenye puto dogo, nijaribu kupazibua. Nitatumia dawa ya picha kidogo kadiri iwezekanavyo, kwa ajili ya figo zako. Sikuahidi kitu."

"Daktari," Fundi alisema, "mimi nimewaahidi watu nguo za harusi nikawapa baada ya harusi. Wewe jaribu tu."

Alijaribu. Waya ulipita mara ya tatu. Kidole gumba hakikuokoka, kilikuwa kimekwenda zamani, kikaondolewa peke yake. Mguu ulibaki. Siku ya tano, ukiugusa unyayo, ulikuwa na joto.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, kwenye kikao cha asubuhi, Mama Jeli alisimama mbele ya madaktari, wauguzi na wanafunzi wasiopungua thelathini. Alikuwa amepanga maneno yake. Akawaonyesha picha ya kwanza, yenye giza, na ya pili, yenye mstari. Akawaonyesha tarakimu za kona. Akaeleza kipimo cha kasi, baridi ya chumba, na kazi ya kitufe. Mgonjwa akamtaja kama wanavyotajwa wagonjwa, mwanamume wa miaka hamsini na tisa. Wanafunzi waliandika kwa bidii. Mtu angesema ni somo zuri, na lilikuwa zuri.

Mwanafunzi mmoja wa kike, aliyekaa nyuma, akanyoosha mkono. "Samahani, mama. Wewe ndiye uliyetufundisha tukishushe hicho kipimo. Kila siku unakishusha. Siku hiyo ilikuwaje?"

 Daktari mpasuaji akasema haraka, "Uchovu. Foleni ilikuwa ndefu. Tuendelee."

"Foleni haikuwa ndefu," Mama Jeli alisema.

Hakuwa amepanga kusema hayo. Alikitazama kile kioo ukutani, ile picha nyeusi, na aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Lakini yule mwanafunzi alikuwa ameuliza kama yeye mwenyewe alivyokuwa akiuliza zamani, na hakustahili jibu la uongo.

"Yule mgonjwa ni baba wa binti yangu," alisema. "Tuliachana. Sikutaka kukaa naye chumba kimoja, sikutaka kumwangalia, nikatamani atoke. Mkono wangu ulitaka kile nilichotaka mimi. Picha hiyo hapo ndiyo inavyoonekana ukimpima mtu ambaye hutaki kumwona."

 Kalamu zote zilikuwa zimesimama.

"Mbona hamuandiki?" Mama Jeli aliwauliza. "Kitufe mtakikumbuka wenyewe. Andikeni hilo."

Akasimama palepale, akangoja mpaka wa mwisho alipomaliza.